Idhini ya Nyumba Ndogo

Msusi alikuwa na vidole vilivyosifiwa na kila mteja, na mgongo ambao haukusifiwa na mtu. Kutwa alisimama nyuma ya vichwa vya watu, akigawa nywele kwa kitana chenye mkia, akisuka na kusikiliza. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti viwili vya plastiki na benchi la wanaosubiri. Kwenye benchi hilo ndipo ndoa zote za mtaa zilipofanyiwa matengenezo. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji. Mtu akimwaga ya moyoni mpaka yakaisha, alimwambia, "Inamisha kichwa," basi, na mteja akaondoka akisema yule mama ana hekima sana.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani, nacho ni nyumba. Si jumba. Nyumba ya vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, na jiko lenye dirisha linalotazama mashariki ili asubuhi asihangaike na taa. Ndoa yake nzima ilikuwa imepita katika nyumba za kupanga, akioga kwa zamu na kuanika nguo kwa zamu, chini ya baba mwenye nyumba aliyepita kila jioni kuhesabu balbu. Watoto walikulia humo, wakaoa na kuolewa wakitokea humo. Kiwanja alikinunua yeye kwa pesa ya kusuka, na hati ilitoka kwa jina lake. Kila walipokwenda kukifyeka alisimama katikati ya majani akionyesha kwa kidole: mlango hapa, dirisha la jiko pale. Mumewe alisimama kando na panga lake, akiitikia kila kitu.

Mume huyo alikuwa msoma mita wa idara ya maji, sasa amestaafu. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye tabia ya kutembea upande wa kivuli. Enzi zake alipita nyumba kwa nyumba na begi la ngozi begani, akiinamia visanduku vya mita na kuandika tarakimu. Ila palikuwa na nyumba moja yenye geti la njano, na mita ya nyumba hiyo ilisomwa kuliko mita za mtaa mzima zikijumlishwa. Ilisomwa mpaka Jumapili. Msusi alilijua jambo hilo kama alivyoyajua mambo yote, mikono yake ikiwa kazini. Siku moja mteja mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, anasimulia kwa raha zake juu ya jirani yake wa geti la njano na msoma mita wake, ambaye maji ya pale hayamkaukii. Benchi zima liliangalia sakafu. Mgeni peke yake ndiye hakujua anasukwa na mke wa nani. Msusi alimwambia ainamishe zaidi kidogo, akamaliza mistari yote, na hakuna hata mmoja uliopinda.

Baadaye mwanamke wa geti la njano alihama mji, na mambo yakaisha yenyewe. Wao wawili hawakuwahi kuyazungumza. Msoma mita aliamini amevuka salama, na msusi alimwacha aamini, mwanzoni kwa sababu ya maumivu, halafu kwa sababu ya mazoea. Kuishi na mtu aliyekukosea ni kazi. Kuishi na mtu aliyekukosea halafu anajiona hodari ni kazi mara mbili, na haina likizo. Asubuhi nyingine, akimsikia anapiga mluzi huku ananyoa ndevu, alitamani kumtupia ndoo.

Basi baraza la mji likatangaza kwamba kiwanja chochote kisicho na kibali cha ujenzi mpaka mwisho wa mwaka kitarudishwa serikalini. Msusi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Walikwenda kwa mchora ramani, bwana mmoja mrefu, mnyofu wa mgongo, ambaye watu wote walimwita Rula. Rula aliwachorea nyumba nzuri ya vyumba vitatu, na dirisha la jiko akaliweka mashariki bila kuuliza sababu. Karatasi za maombi alizijaza msoma mita, kwa mwandiko wake wa kusimama wima. Palipoandikwa "Mwombaji" aliweka jina lake bila kufikiri, kama alivyozoea kufanya kila alipokuta nafasi ya jina. Msusi aliona. Alikuwa anasugua sufuria, akajisemea kwamba jina si tofali, aandike tu.

Ofisini walipelekwa dirisha la pili. Karani wa dirisha hilo alikuwa kijana mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, mwenye adabu sana na mwenye mihuri mingi. Alipokea ramani, akapokea nakala ya hati, akagonga hapa, akagonga pale, halafu akatoa karatasi ya mwisho na kumsogezea msusi.

"Hii ni idhini ya mwenza, mama. Unaisoma kwa sauti mbele yangu, halafu unasaini. Ni ili kesho usije ukasema hukujua."

Msusi aliivuta karatasi, akaanza kuipitia kimyakimya. Ilisema hivi: "Mimi, mwenza halali wa mwombaji, ninajua na ninaridhia kwamba mwombaji atakuwa na nyumba ndogo, na sitaleta pingamizi kwa namna yoyote wala wakati wowote."

Inabidi tuwatendee haki watu wa baraza. Katika sheria zao, nyumba ndogo ni jengo la makazi la familia moja lisilozidi vyumba vinne, na nyumba kubwa ni lile linalozidi. Aliyeyatunga maneno hayo bila shaka alikuwa mtu mwema asiyetoka nje. Huku mitaani kila mtu anajua nyumba ndogo ni nini. Ni mwanamke wa pembeni, yule anayetunzwa na mume wa mtu, na nyumba kubwa ni mke aliyebaki nyumbani anangoja chakula kipoe.

"Sisomi," alisema msusi.

"Ni macho, mama? Tunayo miwani ya ofisi."

"Macho yangu mazima. Nasema haya sisomi."

Msoma mita alicheka kicheko cha kuomba radhi kwa watu wa foleni. "Mke wangu, hilo ni neno la kiofisi tu."

"Najua ni neno."

"Mama, ondoa wasiwasi," alisema karani kwa upole. "Mimi hapa nina nyumba ndogo kabati zima. Leo tu nimepokea nyingine mpya." Foleni ikakohoa. Karani akasikia alichosema, akaona bora aongeze kwamba mke wake anafahamu, na hapo ndipo alipozidi kuharibu.

"Basi likate hilo neno," alisema msusi. "Andika nyumba ya kadiri."

"Fomu ikikatwa inakuwa batili."

"Andika nyumba, basi. Nyumba tu."

"Nyumba tu haipo, mama. Ziko mbili. Ndogo na kubwa."

"Na wanawake wengine wanasaini?"

"Wote. Wanasaini huku wanacheka."

"Wana bahati," alisema msusi, akachukua mkoba wake akatoka.

Njiani mumewe alimfuata nyuma akihema, anamweleza maana ya nyumba ndogo kisheria, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa hajaielewa. Msusi alizidisha mwendo. Alikuwa anahesabu miezi iliyobaki. Nyumba aliitaka. Aliitaka mpaka aliiota, akaamka akapapasa ukuta kutafuta dirisha. Lakini kwa miaka yote ile, pamoja na yote aliyoyameza, kinywa chake kilikuwa hakijawahi kutamka kwamba anaridhia. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa amekibakiza, na sasa baraza la mji lilikuwa linakitaka nacho, kwa sauti, mbele ya foleni.

Kwa kuwa ziko mbili tu, alirudi kwa Rula akamwambia amchoree nyumba kubwa. Rula hakushangaa. Alifunua kitabu cha sheria, akasoma kwamba nyumba kubwa iwe na vyumba visivyopungua vitano, na ngazi. Akalamba ncha ya penseli, akaanza. Kiwanja kilikuwa kidogo, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba, kila kimoja kikimsukuma mwenzake, mpaka cha tano kikawa na upana wa kabati.

"Hiki mtu atalalaje?" aliuliza msusi.

"Kwa kusimama, mama. Lakini kwa mujibu wa sheria ni chumba."

"Na hii ngazi inakwenda wapi? Nyumba haina juu."

"Haiendi. Inapanda hapa, inageuka hapa, inashuka hapa. Sheria inataka ngazi, haikusema iende wapi."

"Dirisha langu la jiko liko wapi?"

Rula aligeuza karatasi huku na huku. Dirisha lilikuwa limeliwa na ngazi. Jiko lenyewe lilikuwa chini ya ngazi, na mpishi angeingia kinyumenyume. Rula alikiri kwamba hiyo ni nyumba kubwa ambayo haikaliki. Msusi alisema anaifahamu ya namna hiyo, akamlipa kazi yake na kuondoka.

Huku nyuma, ofisi ilikuwa haijalala. Maombi yalikwishapokelewa, na sheria inataka tangazo liwekwe kwenye kiwanja ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wakaja watu wawili na nyundo, wakasimamisha bango jeupe pembeni ya barabara, lenye maandishi mekundu yanayosomeka mpaka ng'ambo: jina la msoma mita, na chini yake, "anakusudia kuwa na nyumba ndogo mahali hapa. Mwenye pingamizi afike dirisha la pili."

Mji ulisimama. Wanawake walipunguza mwendo walipopita pale, na wanaume walivua kofia. Wazee waliofanya kazi pamoja na msoma mita walikuja kumpa mkono mmoja mmoja. "Sisi tunajificha mpaka tunazeeka," alimwambia mmoja wao, mtu mzima aliyewahi kusimamia mabomba ya mji mzima, machozi yakimlengalenga. "Wewe umeweka bango." Msoma mita alieleza juu ya vyumba vinne na familia moja mpaka koo likamkauka, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumsifu kwa unyenyekevu. Dirisha la pili lilipokea pingamizi kutoka kwa watu wasiomjua hata kwa sura. Mama mmoja alipinga kwa jumla, kwa niaba ya wanawake wote.

Saluni nayo ilifurika. Walikuja hadi wenye nywele fupi. Walikaa kwenye benchi wakimtazama msusi kwa huruma iliyochanganyika na njaa ya habari, na msusi akawa anasuka.

"Dada, ni kweli umekataa kusaini?" aliuliza mteja mmoja aliyeshindwa kuvumilia.

"Kweli."

"Ungesaini tu, upate nyumba yako. Ni maneno ya karatasi."

"Inamisha kichwa," alisema msusi, lakini safari hii mkono wake ulivuta nywele zaidi ya kawaida, na mteja akasema aii.

Jumamosi ikaitishwa familia. Aliyeiitisha ni shangazi wa msoma mita, mama mnene mwenye sauti ya amri, ambaye alilisoma bango akiwa ndani ya gari na akamwamuru dereva arudi nyuma ili alisome tena. Alikuja pia kaka wa msusi, amevaa koti, tayari kumtetea dada yake dhidi ya lolote. Walibanana kwenye chumba cha kupanga, magoti kwa magoti, na msoma mita akawaeleza tangu mwanzo mpaka mwisho: ni sheria, ni vyumba, ni makazi ya familia moja, hakuna mwanamke yeyote.

Kaka alionekana kusikitika kidogo, maana alikuwa amejiandaa. "Kwa hiyo, shemeji, hakuna tatizo?"

"Hakuna, shemeji."

Shangazi alipangusa uso kwa leso. "Haya. Lakini kwa kuwa tumeshakuja na chai imeshapikwa, tulijadili hivyohivyo." Wakalijadili. Shangazi alisema mume asiwe na nyumba ndogo bila kumshirikisha mkewe. Kaka alisema nyumba ndogo, kama lazima iwepo, isiwe mbali na barabara. Msoma mita alisema itakuwa na choo cha ndani. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akizungumzia nyumba yake, na pakawa na maelewano makubwa. Mwisho shangazi akamgeukia msusi, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kwa kuwa viti vilikwisha.

"Sasa wewe, mwanangu, mbona unatuvunjia mambo? Mumeo amekuja na karatasi, ameomba kwa adabu, ofisi inajua, ukoo unajua. Unakataa nini hasa?"

Msusi aliweka kikombe chini. "Sikatai, shangazi. Nashangaa tu. Hii ya sasa imeletwa na fomu, na ramani, na bango, mpaka wazee mmeitwa. Ile ya geti la njano ilijengwa bila kibali."

Shangazi aliangalia dari kwa makini, akakuta kuna kitu cha kuangalia. Msoma mita alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, na kikombe kikabaki hapohapo hewani.

"Geti lipi?" aliuliza kaka.

"Kunywa chai, baba," shangazi alimwambia.

"Hapana, mimi nauliza tu, geti lipi?"

"Kunywa chai."

Msoma mita alisimama, akatoka nje. Dirishani msusi alimwona akienda mpaka kwenye bomba la wapangaji, akachuchumaa mbele ya mita ya maji na kuitumbulia macho, kama mtu aliyetumwa kuisoma. Wageni waliaga kwa sauti ndogo. Shangazi, alipofika mlangoni, alimshika msusi mkono akasema kwamba hata wao walijua tangu zamani. Msusi alimshukuru, ingawa hakuona ni kwa lipi.

Baada ya hapo msoma mita akawa mtu mwema kupita kiasi. Alipika uji, ukamwagika, akaupika tena. Alifagia saluni kabla haijafunguliwa. Alizungumza bila kunyamaza, juu ya nondo, juu ya mchanga wa mtoni na mchanga wa kusaga, juu ya bati lipi halipigi kelele mvua ikinyesha. Msusi alisubiri. Alijua anasubiri nini, na alijua kwamba mumewe naye anajua, na hilo ndilo lililomchosha. Mara mbili tatu mume alifungua mdomo, akameza mate, kisha akasema jambo jingine la saruji. Mwaka ulikuwa unakwisha na maneno yalikuwa hayatoki.

Asubuhi moja msusi alifunga saluni, akaenda ofisini peke yake. Alimkuta karani amezungukwa na pingamizi za bango.

"Mwanangu, nina swali. Mwombaji ni lazima awe baba?"

"Hapana, mama. Ni mwenye kiwanja. Baba, mama, hata bibi."

"Hati ina jina la nani?"

Karani alifunua faili, akatazama, akatazama tena. "Lako."

"Basi mwombaji ni mimi. Nipe fomu mpya."

Karani aliitoa fomu, halafu mkono wake ukasimama katikati ya njia. Ulionekana wazi ule wakati jambo lilipomwingia. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Kwa maana hiyo, mama, mwenza anayetakiwa kuridhia..."

"Ndiye yeye. Na anasoma kwa sauti, si ndivyo?"

"Ndiyo sheria," alisema karani, na kwa mara ya kwanza alionekana kuifurahia sheria.

Usiku huo hakumwambia mumewe zaidi ya alichotakiwa kukijua: jina la mwombaji limebadilishwa, limefuata hati, avae shati la heshima kwa sababu kesho kuna kusoma. Msoma mita alishukuru tu kwamba wanazungumza. Yeye msusi alivaa viatu vyake vya harusi za watu. Alikuwa amepania kuifurahia siku hiyo, na hakuona haya kujikubalia.

Foleni ya dirisha la pili ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Walipofika mbele, karani aliwapa wote wawili shikamoo, akachukua saini ya mwombaji, kisha akaisukuma ile karatasi ya mwisho upande wa mume.

"Baba, kwa sauti, halafu saini."

Msoma mita alikohoa, akanyoosha karatasi. Alikuwa mtu aliyesoma kazini maisha yake yote, na alianza kwa sauti ya kazi. "'Mimi, mwenza halali wa mwombaji, ninajua na ninaridhia kwamba mwombaji atakuwa na nyumba...'" Akasimama. Akairudia sentensi kwa macho. Nyuma yake mtu alicheka puani, na mwanamke mmoja akasema makubwa haya. Msoma mita aligeuka akamtazama mkewe, halafu akaitazama karatasi, halafu akamtazama tena.

"Endelea, baba," alisema karani.

"'...ndogo,'" alisoma msoma mita. Jasho lilimtoka kwenye kipara, likateremka mpaka kwenye kola ya shati la heshima, na hakulifuta. Msusi alimwona anavyolibeba lile neno, mbele za watu, mwanamume mtu mzima anayeambiwa aseme kwamba anajua na anaridhia. Alikuwa amejiandaa kwa raha. Raha haikuja. Badala yake alishika ukingo wa dirisha.

"'Na sitaleta pingamizi,'" alisoma msoma mita, na sauti ikamkatika. Aliposema tena hakuwa anatazama karatasi. "Nisamehe, mke wangu. Nilikukosea. Nilijua kabisa nakukosea, na nilikuwa narudi nyumbani nakaa nakula chakula chako. Nisamehe."

Karani, ambaye alikuwa akifuatisha mistari kwa kidole kwenye nakala yake, alipotea. Kidole kilirudi juu, kikashuka taratibu, kikarudi tena.

"Baba, samahani, hayo hayamo kwenye fomu. Rudia kuanzia 'pingamizi'."

"Najua hayamo," alisema msoma mita.

Karani aliinua kalamu, akaishusha. Alimtazama mume anayelia, akatazama saa ya ukutani, akamgeukia mama kwa sauti ya kuomba msaada. "Sasa hapa niandike nini, mama? Amesoma au hajasoma?"

Msusi alichukua karatasi kutoka mkononi mwa mumewe, akailaza juu ya ukingo wa dirisha, akainyoosha mikunjo kwa vidole vyake mpaka ikatulia.

"Andika amesoma," alisema.